Mashine Inayokula Kiporo

Ulikuwa ule mwaka mahindi yalitudanganya, Igowole nzima tukala viazi asubuhi, viazi jioni, mpaka mbwa wangu akavisusia. Ndipo mjukuu wangu, anayekaa Mbalizi na kufanya kazi za kompyuta, akaniletea mashine, akaiweka juu ya kabati la vyombo. Mimi shule niliiachia njiani, lakini mama yake nimemzaa mimi. Kichwa kile hakukiokota.

"Bibi, nitunzie. Inanakili kumbukumbu za ng'ombe wa kikundi chenu kutoka ofisini Nyololo, ila kwa kuchelewa. Ya kule asubuhi, hapa yanafika jioni."

"Umeniletea mbovu?"

"Nimeichelewesha makusudi. Mtu akikosea kule, kosa linakuwa halijafika huku. Nikiiacha ofisini wataiharakisha tu."

Mwanangu wa kiume akacheka, kiazi mdomoni. "Mama, mashine yako inakula kiporo!"

Nikamwambia kiporo ndicho kilichomlaza ameshiba kila ugali ulipoungua.

Kikundi chetu ni cha ng'ombe wa maziwa. Kila ndama ameandikwa mama yake, baba yake na chanjo zake. Bila hayo utampandisha binti kwa baba yake. Nilishapata ndama wa namna hiyo, miguu kama njiti. Sitaki tena.

Basi karani wa Nyololo akataka kumfuta dume mmoja aliyekufa. Akafuta zizi zima! Na kompyuta ya akiba iliyo pembeni yake, kwa kuwa huiga papo hapo, nayo ikafuta. Mjukuu akanipigia simu anahema.

"Bibi, chomoa waya wa bluu, ule wa intaneti. Wa umeme uache! Kosa likifika hapo tumekwisha. Napanda basi sasa hivi."

Nikachomoa. Sijakaa, mwenyekiti wetu huyo mlangoni na pikipiki, jasho tupu.

"Kamwene, bibi. Rudisha waya."

"Kwa nini?"

"Hii imebaki nyuma. Ilingane kwanza na za ofisini."

"Za ofisini zina nini? Si tupu?"

"Bibi, haya ni mambo ya kisomi."

"Hapana. Kwangu hakiharakishwi kitu."

Akakaa, akala viazi vyangu huku amenuna, mkono ukiunyemelea waya. Nikaukalia waya wenyewe.

Mjukuu alipofika, ng'ombe wote wakarudi, hata yule dume marehemu. Yaliyoandikwa asubuhi ile tu ndiyo karani aliyoyaandika upya. Nikadhani mwenyekiti ataona haya. Thubutu! Kwenye mkutano wa kikundi akasimama, kifua mbele.

"Tumejifunza, ndugu zangu. Sasa mashine ya bibi iharakishwe iende sawa na nyingine. Inatuaibisha kubaki nyuma."

Na watu wakapiga makofi! Watu ambao ng'ombe wao niliwakalia kwa makalio yangu haya! Nikasimama, sikungoja kupewa ruhusa.

"Hapana. Kwangu hakiharakishwi kitu."