Kidirisha Nilichokizuia

Nina saiba ndogo hapa Machakos, mashine sita tu, na siku hizo nilikuwa nimechoshwa na vile vidirisha vinavyochomoza vyenyewe kwenye skrini. Mara umeshinda simu, mara msichana nusu uchi anakukonyeza, na aliyeketi mbele ya mashine ni katekista anayetafuta nyimbo za kwaya. Aibu gani hiyo! Asubuhi moja nikaingia kwenye mipangilio ya brauza, mashine baada ya mashine, nikavizuia vyote. Nikajiona fundi kwelikweli.

Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja kutoka Mwala na bahasha ya kaki. Binti yake, mfanyakazi wa nyumbani huko Syokimau, alitaka kusomea uuguzi, lakini mwajiri hakumpa ruhusa hata ya siku moja, ndiyo maana mama akaja kumwombea nafasi chuoni. Kwangu mteja hagusi kibodi. Anakaa kando na vyeti vyake, anakutajia, wewe unaandika. Nikajaza fomu yote, nikabonyeza kutuma. Kimya. Juu pembeni kulikuwa na alama ndogo iliyopigwa X nyekundu. Niliiona, nikaipuuza, maana foleni ilikuwa imefika mlangoni.

"Tayari, mama. Imeenda," nikamwambia. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Baada ya siku kumi na mbili akarudi na mfuko wa ndengu za kunishukuru.

"Mwanangu, hebu niangalizie tarehe ya mahojiano. Wanasema kila aliyeomba anaitwa."

Nikafungua ukurasa. Ombi halijatumwa. Aiya! Nikaibonyeza ile alama, nikaruhusu, na papo hapo kidirisha kikachomoza: thibitisha ombi lako. Kumbe ndicho kilichobaki! Nilikuwa nimekizuia pamoja na takataka zote, kwa sababu brauza haijui kipi ni cha maana na kipi ni upuzi; inafanya ulichoiambia, basi. Nikathibitisha. Ikajibu kwamba muda wa maombi ulikwisha juzi.

Nilikaribia kusingizia mtandao. Ulimi uliniwasha, wallahi sijivunii hilo. Lakini nilimweleza ukweli, kwamba kosa ni langu, kisha nikangoja anitukane. Nilitaka anitukane, jamani, hata anirushie kiti. Alikunja bahasha yake polepole, akatoa simu, akampigia binti yake, akaninyooshea.

"Mwambie wewe. Mimi siwezi."

Nikaiweka sikioni. Kabla sijafungua mdomo, nikasikia sauti changa, inacheka, na magari yakipiga honi nyuma yake.

"Mama, wamekataa kunipa ruhusa, nikaacha kazi. Niko barabarani na mizigo yangu, nangoja gari la Machakos. Mahojiano ni lini?"