Silabi Nne za Kopo la Baba

Harufu ya kabichi zilizolowa umande hunirudisha kijijini kwetu Lukozi, mwaka niliokuwa darasa la sita. Biashara ilikuwa imeachwa huru, na maduka ya mji mdogo wa Soni, yaliyozoea kukosa hata sabuni, yalijaa bidhaa zenye maandishi ya kila lugha. Baba alirudi kutoka huko na kopo la dawa ya wadudu. Ndivyo muuzaji alivyomwambia. Viwavi walikuwa wakitafuna kabichi zetu, na kabichi hizo ndizo zilizotarajiwa kunipeleka sekondari.

Maandishi yale niliyatambua: Kifaransa. Jirani yetu Mama Imakulata, mjane wa karani wa shamba la chai, alizaliwa Burundi, na kila jioni nilipompelekea maziwa alinisomesha vitabu vyake vya zamani. Maneno marefu yalinitisha. “Bandu bandu huisha gogo,” alikuwa akiniambia. “Likate. Kila kipande kiwe na irabu yake. Konsonanti ya mwisho, mara nyingi iache ilale.”

“Baba, nikamuulize Mama Imakulata kwanza.”

“Viwavi hawasubiri,” alijibu, huku akijaza bomba la kupulizia. “Haya, kimbia.”

Nilinakili kiganjani neno kubwa kuliko yote, nikakimbia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mbona unahema?”

Macho yake yalikwisha kuingia ukungu, hakuweza kusoma. Ilinibidi nitamke mwenyewe. “Debroussaillanti,” nilisema, nikisoma kila herufi kama Kiswahili.

“Hilo silijui. Kata.”

Nikavuta pumzi. *Dé-brous-sail-lant.* Ile *ou* ni u; *ill* hulainika ikawa y; *n* hupitia puani; *t* imelala. “De-bru-sa-yan.”

Mama Imakulata alisimama ghafla, kikombe kikamponyoka. “Mwambie baba yako asipulize! Hiyo ni ya kuua vichaka. Haitabakiza kabichi hata moja!”

Nilimkuta Baba amemaliza tuta la kwanza. Baada ya siku chache tuta lile lilikauka lote, mengine yakasimama kijani. Viwavi tuliwaokota kwa mikono, familia nzima. Baba, ambaye hakuwa na mazoea ya kumsifu mtoto, aliwaita majirani walione tuta lililokufa, kisha akanishika bega: “Huyu ndiye aliyelisoma lile kopo.”

Leo nafundisha Kifaransa Lushoto mjini. Wanafunzi wangu huelekeza simu kwenye neno lolote, maana ikaja papo hapo, nami nafurahi, kwani wakulima wengi wangeponea hapo. Lakini nikiwaambia walitamke, huangalia chini. Basi nawaambia wafunge simu, wafungue vinywa, tuanze na kipande cha kwanza.