Vidole vya Wietske

Baada ya majira kadhaa ya baridi yasiyo na baridi, mfereji wa kijiji cha Aldewier uliganda. Mchana wa siku ile ile, viatu vya kutelezea barafuni vilikuwa vimerundikana kwenye banda la Wietske Boonstra kama viazi vya mavuno. Kazi ya kunoa vyuma vya viatu hivyo aliirithi kwa baba yake, na kijijini hakuna aliyempelekea mtu mwingine viatu vyake.

Mwaka uliopita dawa za saratani zilimponya, ila ziliondoka na hisi za ncha za vidole vyake. Akishika kikombe hajui ni cha moto au baridi. Hakumwambia mtu, hata binti yake Femke.

Alibana viatu jozi jozi, vyuma juu, akapitisha jiwe lenye mafuta huku na huku. Sehemu hiyo mikono yake iliijua yenyewe. Lakini jiwe likishapita, hubaki pembeni mwa chuma utando mwembamba wa chuma chenyewe uliojikunja, ambao jicho haliuoni. Kidole ndicho kinachoutafuta, kisha jiwe dogo huufuta. Ukibaki, chuma hung'ang'ania barafu upande mmoja na kuteleza upande wa pili. Wietske alipapasa, asisikie kitu, akasema moyoni kwamba hakuna kitu.

"Vitie makali, Wietske," alisema Durk, jirani mfugaji, "leo nataka niwapite hata ng'ombe wangu."

"Walishakupita kitambo, Durk, kwa mbio na kwa akili."

Alicheka, akaenda. Jioni akarudi kuviacha viatu: ameanguka barafuni, mkono umefungwa shingoni, mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika.

"Uzee huo," alisema. "Usinitazame hivyo."

Alipoondoka, Wietske alivichukua vile viatu, akavigeuza chini ya taa kwa kioo cha kukuzia. Utando ulikuwepo, urefu wote wa chuma cha kushoto. Aliketi juu ya ndoo, viatu mapajani.

Kesho yake Femke alileta vyake. Jumamosi kungekuwa na mashindano ya kuyazunguka maziwa yaliyoganda, naye alikuwa akiyangoja tangu utotoni.

"Sinoi," alisema mama.

"Umewanolea watu wa kijiji kizima, mimi ndiye unayeninyima?"

"Peleka mjini, mwanangu."

"Mjini kwa nani? Mama, nimekukosea nini?"

Wietske alinyoosha mikono mezani. "Sivihisi. Vidole hivi vimekufa."

Femke akavigusa kimoja baada ya kingine. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Durk anajua?"

Waliwarudishia watu viatu vyote vilivyobaki. Kwa Durk, Wietske alikwenda peke yake. Durk alisikiliza, kwa mara ya kwanza bila mzaha.

"Ungesema tu," alisema. "Ningekuelewa."

Mkewe, Tryntsje, hakuelewa. "Ng'ombe wanakamuliwa asubuhi na jioni," alisema. "Nani atawakamua? Aibu ni yako, lakini mkono uliovunjika ni wetu."

Alfajiri iliyofuata Wietske alifika zizini kwao na mabuti ya mpira, akaanza kuwafunga ng'ombe mashine za kukamulia. Tryntsje alimsogezea ndoo kwa mguu, bila salamu. Ikawa hivyo kila siku.

Femke alivinoa vyake mwenyewe, mama akimwelekeza kwa mdomo tu. "Papasa. Umesikia kinachokwaruza? Bado." Vidole vya binti vilikuwa vigeni kwa kazi hiyo, havikujua vinachotafuta. Siku ya mashindano chuma cha kulia kilianza kumvuta pembeni. Kabla ya ziwa la tatu alivua viatu, akarudi kwa kutembea juu ya tuta la kando ya maji na soksi zilizolowa.

Alimkuta mama zizini.

"Pole, mwanangu."

"Kuna sehemu karibu na kisigino niliiruka," alisema Femke. "Sikuisikia."

"Ni ngumu kuisikia pale."

Usiku ule mvua ilinyesha, barafu ikaanza kulainika. Durk alituma salamu na kipande cha mkate wa sukari. Tryntsje alikiacha mlangoni kwa Wietske, akaondoka bila kubisha hodi.