Wivu wa Dada Ulivyoficha Mafaili ya Wagonjwa

Saa mbili asubuhi, gari la hospitali linanguruma getini na begi la mdogo mtu limeshapakiwa. Anahamia makao makuu, kuwa mkuu wa kumbukumbu za wagonjwa. Dada yake, ambaye wenzake humwita Mama Mafaili, hajainuka kitini.

"Dada, hutoki hata kuniaga?"

"Nina kazi. Kuagana ni kwa wakubwa wenye nafasi."

Mama Mafaili ana miaka kumi na minne katika chumba hiki chenye meza mbili na feni moja inayolalamika. Mdogo wake ana mitatu tu. Cheo waliomba wote wawili.

"Hata kuwasha kompyuta nilimfundisha mimi," anamwambia mwandishi wa habari aliyeketi kwenye meza ya pili. "Leo nimwamkie shikamoo?"

Mwaka jana hospitali ilihamisha majina kutoka hifadhidata ya zamani kwenda mpya. Shida ilikuwa ritifaa, ile alama ndogo ya juu kwenye majina yenye ng'. Kompyuta ikiikuta ndani ya amri, hudhani jina limekwisha. Hifadhidata ya zamani ilitaka itanguliwe na mkwaju, ule mstari mfupi, ulioinama kinyume (\). Mpya inataka iandikwe mara mbili. Mkwaju kwake ni herufi tu.

Mama Mafaili alitoa majina na mikwaju yake. Mdogo wake akayapokea, akarudufu ritifaa. Mikwaju ikabaki imeganda ndani ya majina, na ukitafuta jina halisi hulipati.

"Niliiona mikwaju siku ya kwanza, nikanyamaza," anakiri. "Nilijua aibu itamwangukia yeye. Andika hivyo hivyo, mdogo wangu mwenyewe anajua."

Mafaili 2,316 hayakuonekana. Bibi mmoja mwenye kisukari, ambaye jina lake lina ng', aliambiwa hayumo kwenye kompyuta.

"Nimekufa lini, mbona sikualikwa mazishini?" akauliza. Foleni ikacheka. Alirudi nyumbani bila dawa, akaanguka, akalazwa siku sita.

Mdogo mtu ndiye aliyepata tiba: jina lisiongezwe alama yoyote, lipelekwe lilivyo, likiwa limetengwa na amri, kila hifadhidata ijue yenyewe la kufanya. Wakubwa wakamuuliza nani alikosea. Hakumtaja dada yake.

"Hilo ndilo linaniuma. Angenisema, ningemchukia vizuri."

Dereva anapiga honi. Mama Mafaili anainuka, anafika mlangoni.

"Umechukua sweta?"

"Nimechukua, dada."

"Haya, nenda basi."

Miezi saba imepita tangu asubuhi hiyo. Bibi anaendelea na dawa. Mdogo mtu anaongoza watu kumi na wawili. Mama Mafaili alisafisha majina yote yaliyokuwa bado na mikwaju kwa wiki tano, kisha akamwandikia mkurugenzi akieleza alichoficha. Akapewa onyo la maandishi. Dada hao hupigiana simu Jumapili, mazungumzo mafupi. Mama Mafaili ameomba cheo kama kile katika hospitali nyingine, na bado hajajibiwa.