Okinawa imemchukulia Yueh-chiao wageni wake

Saa kumi na mbili asubuhi Pan Yueh-chiao yuko juu ya paa la nyumba, anaanika mashuka. Ni mwishoni mwa Julai, shule zimefungwa, na pwani ya Kenting, kusini mwa Taiwan, ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa pikipiki. Mashuka ni mawili.

"Zamani kamba hii ilikuwa haitoshi," anasema. "Nilikuwa naazima ya jirani."

Ana miaka hamsini na minane. Kwa miaka kumi na sita amekodi nyumba hii ya vyumba vitano mjini Hengchun. Anafua, anapiga deki, anawakaangia wageni mayai kwa vitunguu vya hapa hapa. Chumba cha watu wanne ni dola 3,200 za Taiwan kwa usiku. Julai iliyopita vyumba vilijaa siku ishirini na mbili. Julai hii, sita. Mkataba wake wa pango unaisha Desemba, na bado hajui kama atasaini tena au atarudisha funguo.

Wageni wameenda wapi, anajua. Wako Okinawa, Japani, ng'ambo ya maji. Tiketi za ndege zimeshuka, na yeni nayo imeshuka. Akitajiwa kisiwa hicho anakunja uso kama mtu aliyetajiwa mke mwenza.

Mtandaoni watu wanaandika kwamba Hengchun ni wezi watupu, kwa bei zao. Mwizi nani hasa? Huyu anayekaanga mayai? Miaka ile mabasi ya wageni yalipopanga foleni mpaka kwenye lango la mji, wenye nyumba walipandisha kodi mara tatu ndani ya miaka minne. Mabasi yakaondoka, kodi ikabaki pale pale. Kisha wakubwa wa serikali wakaja na vipaza sauti, wakasema tatizo ni nyuso zetu, eti tujifunze kutabasamu. Wenye nyumba hakuna aliyewaambia watabasamu.

Lililomuuma Yueh-chiao zaidi lilitokea wiki mbili zilizopita. Familia ya Tseng, ya Taichung, imelala kwake kila Julai kwa miaka kumi na moja. Binti yao, Yu-ting, alijifunza kutembea kwenye sakafu yake. Mwaka huu hawakupiga simu. Halafu Jumapili moja wakatokea mlangoni, wakirudi kutoka harusi ya hapa mjini, wameungua jua la ng'ambo, na zawadi mkononi kama ipasavyo kwa mtu aliyetoka safari. Boksi la keki za viazi vitamu vya zambarau. Za Okinawa.

Alilipokea kwa mikono miwili.

"Asanteni. Na vitanda vya huko vilikuwa laini?"

Mke wa Tseng alikazia macho kikombe chake cha chai. Yu-ting, ambaye hakuelewa kitu, akaanza kusimulia papa aliyemwona, mkubwa kama basi. Bwana Tseng akajaribu kupoza mambo.

"Dada Chiao, usitukasirikie. Ukijumlisha treni, basi na chumba, gharama ni ile ile. Tukaona si bora tupande ndege?"

"Miaka kumi na moja nawakaangia mayai, Tseng. Hata kuniaga? Mtu akimwacha mkewe si humwambia?"

Alisema huku anacheka, na wao wakacheka. Kisha akauliza walilipa kiasi gani kwa usiku. 2,900. Papo hapo akasema atawapa kwa bei hiyo, na kifungua kinywa juu yake. Mke wa Tseng ndiye aliyemwambia kwamba safari ya mwakani wameshalipia, kule kule.

Walipoondoka alifungua boksi jikoni, akala keki moja amesimama.

"Tamu," anasema, bila furaha yoyote. "Ningependa ingekuwa mbaya."

Sasa amekata tiketi, ya bei ya chini kabisa, siku tatu za Novemba. Hajawahi kupanda ndege. Atalala nyumba ile ile waliyolala akina Tseng. Jirani yake Hung A-tsai, anayekodisha pikipiki, anamtania kwamba anakwenda kufumania. Yueh-chiao hakatai.

"Nataka nimwone huyo mama wa huko. Nione mashuka yake, choo chake, anachopika asubuhi. Nikikuta kanishinda kwa bei tu, narudi kusaini, na mwenye nyumba wangu atatukuta mlangoni kwake, wapangaji wa mtaa mzima, mpaka apunguze kodi. Lakini nikikuta kanizidi kupenda wageni, funguo nitazirudisha mwenyewe."