Gunia la Mihogo Kwenye Mkondo

Mto wetu wa Murusagamba si mkubwa, ila una mambo. Maji ya ukingoni yanajikokota, ya katikati yanakimbia, na pale yanaposuguana huzaliwa mizunguko. Utafiti wangu wa chuo ulihusu mizunguko hiyo. Niliazima vipima-mwendo viwili, nikavifunga kwenye vigingi, kimoja hatua moja chini ya kingine. Nilitaka kujua kama maji ya hapa yakiongeza mwendo, ya pale yanafuata, au kila moja na lake. Nyumbani waliniuliza kama nimesoma miaka yote hiyo ili kuangalia maji yakipita. Nikasema ndiyo.

Mwanzoni vipimo havikuelewana hata kidogo. Kisha jioni moja nikaona mistari ya vipimo kwenye grafu inapanda na kushuka kwa kupokezana, kama wanawake wawili kwenye kinu kimoja. Nilifurahi mno, nikampigia simu mwalimu wangu.

Asubuhi nilishuka mtoni. Juu kidogo ya vipima-mwendo, upande maji yanakotoka, nilikuwa na kigingi cha tatu, cha kushikilia kamba. Kilikuwa kimefungwa gunia la mihogo, limezama nusu tangu jana, na mama yangu anakaza fundo lililolegea. Mizunguko yangu yote ilitoka nyuma ya gunia lile.

Nilikasirika, lakini sikuligusa. Kwetu kigingi kikisimama mtoni bila gunia ni cha yeyote mwenye mihogo ya kuloweka, na gunia likishafungwa, kulifungua ni sawa na kumwondolea mtu chungu jikoni.

“Shikamoo mama. Vifaa vinarudi kesho. Bila vipimo safi sifuzu.”

“Marahaba. Na bila mihogo hii huna unga wa kurudi nao chuoni. Ulidhani ni ya nani?”

Hasira zikaniisha. Nilimpenda mama yangu, nikaingia majini.

Basi tukalipima gunia humo humo majini, yeye kashika mwanzo wa futi kamba, na nikabadilisha kichwa cha utafiti: mizunguko ya maji nyuma ya kizuizi. Siku ya kuutetea, mtahini aliuliza kizuizi kiko wapi, ili wengine warudie vipimo. Nikamwambia tumekila. Alicheka, akanipitisha.

Nilimpigia mama kumwambia nimefuzu. Akasema vema, ila unga mwingine tayari ameshausaga, sasa autume wapi, maana chuo kimeisha. Kazi nilikuwa sijapata. Nikamwambia asiutume, nakuja kuulia huko huko.