Mizani ya Uzi wa Katani

Walisema sitaweza hata kuning'iniza jiwe likatulia. Mjomba ndiye aliyeanza. Alisikia kwamba nimerudi kutoka India na diploma ya vifaa vya vipimo, lakini badala ya kutafuta kazi kiwandani nataka kujua kwa nini mvuto wa dunia ni dhaifu. Akawaambia wenzake wa chai pale Lurambi kwamba nilikaa ng'ambo miaka mitatu kusomea kuanguka, jambo ambalo mlevi hulijua bila kulipa karo. Tangu siku hiyo nikawa Daktari wa Kuanguka.

Sikujali. Diploma ile niliipata kwa mikono yangu. Nilikata miwa Kabras hadi nikapata nauli, na huko chuoni niliosha chupa za maabara ili nipewe kitanda. Nilimaliza wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mkuu wa chuo.

Wazo lenyewe nililipata kwa mwalimu wangu wa huko. Sumaku ndogo ya redio huinua msumari ijapokuwa dunia nzima inauvuta chini. Baadhi ya wanasayansi walikuwa wakikisia kwamba mvuto si dhaifu, ila unavuja. Mbali na urefu, upana na kimo, huenda kuna pande nyingine tusizoziona, na mvuto huenea humo kama maji ya mfereji yanavyopoteza kasi yakifunguliwa shambani. Kama ni kweli, vitu viwili vikikaribiana sana vitavutana kuliko hesabu za kawaida zinavyosema. Mwalimu aliniahidi kwamba nikimpelekea vipimo vinavyoonyesha hivyo, atanitafutia nafasi ya utafiti. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyoitaka nafasi ile.

Sikuwa na vifaa, nikaazima. Mjomba mwenyewe, huku akicheka, alinipa ufunguo wa stoo yake ya mbolea. Fundi wa betri alinipa risasi ya betri kuukuu, nikaiyeyusha kuwa gololi mbili. Mwenye duka mmoja wa Mumias aliniazima mawe mawili ya shaba ya mizani yake ya zamani. Nilifunga gololi kwenye ncha za ufito, nikauning'iniza kwa uzi mmoja wa katani, kwa kuwa waya mwembamba wa kutosha haukupatikana mjini. Kipande cha kioo kwenye ufito kilirudisha mwanga wa tochi ukutani, hivyo ufito ukigeuka kidogo tu, mwanga unasogea. Hadi leo sijaona mtu wa huku kwetu aliyetengeneza kifaa chenye hisia kama kile.

Asubuhi trekta za miwa zilitikisa stoo, kwa hiyo nilipima alasiri. Nilisogeza mawe ya shaba karibu na gololi, yakabaki mbali kiasi cha unene wa ukucha, nikasubiri. Mwanga ukasogea vidole vinne. Kesho yake ukasogea tena, na wiki nzima. Jumapili moja asubuhi, trekta zikiwa zimepumzika, nilipima bila mawe. Mwanga haukusogea. Nikaridhika.

Mama, ambaye alikuwa akisuka kamba za ng'ombe na kuziuza sokoni, aliniletea obusuma, ugali wa kwetu, alasiri moja. Mvua ya kila alasiri ilikuwa inaanza kugonga mabati. Akautazama ufito ukigeuka.

"Papa," akasema, maana ndivyo akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao, "hiyo katani inasikia mvua. Ikipata unyevu inajisokota yenyewe."

"Mama, kamba ni zako. Sayansi niachie mimi."

"Haya. Kula basi, inapoa."

Nilimwandikia mwalimu siku hiyo hiyo. Alijibu kwa furaha, akaomba kitu kimoja tu, vipimo vya miezi ya kiangazi.

Januari ilikuja kavu. Alasiri ya kwanza nilisogeza mawe, mwanga ukakaa palepale. Kwa siku tisa haukusogea. Siku ya kumi niliyatoa mawe nje kabisa, nikatundika kitambaa kilicholowa karibu na uzi. Mwanga ukasogea vidole vinne, kisha vitano.

Ningeweza kumdanganya mwalimu. India ni mbali, na hakuna ambaye angekuja Lurambi kuhakikisha. Lakini mimi si mtu wa kupewa nafasi kwa uongo. Niliandika yote, kitambaa pia, nikaituma barua. Mvua za masika zilikuja, zikaisha. Jibu halikuja. Mama sikumwambia kitu, naye hakuuliza.

Ndipo nikaamua kurudisha mali ya watu, yote kwa siku moja. Mumias nilifika kwa boda boda, nikamtolea mwenye duka salamu, akaniuliza kama mawe yake yalinifaa.

"Uzito wake ni kamili," nikamjibu.

Fundi wa betri aliitupa risasi katika sufuria yake ya kuyeyushia bila kuitazama. Mjomba nilimfuata mwisho, nikamkabidhi ufunguo. Nilikuwa nimejiandaa kwa Daktari wa Kuanguka. Aliutia ufunguo mfukoni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Basi nishikie upande huo," akasema, tayari ameinamia gunia la mbolea.

Tulibeba magunia hadi saa kumi. Stoo ikajaa, na sikuwa tena na kitu cha mtu yeyote.